Mwalimu, Ukishauliza Swali, Nyamaza Kidogo

Walimu wengi huuona utafiti wa elimu kuwa kazi ya kutafutia shahada, ambayo ikishajalidiwa huwekwa maktaba ya chuo na kusahaulika. Kwa mwalimu mwenzangu nina ushauri mmoja: chukua tokeo dogo la utafiti, linaloweza kujaribiwa katika kipindi cha kesho bila kuomba fedha wala kibali, kisha ulifuatilie muhula mzima.

Mimi nilichagua kazi ya Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani ambaye katika miaka ya 1970 alionyesha kwamba walimu wakishauliza swali husubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kumgeukia mwanafunzi mwingine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri angalau sekunde tatu, majibu yalirefuka na wanafunzi waliodhaniwa kuwa wazito walianza kuchangia. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba Rowe alipima kimya cha aina mbili: kile kinachofuata swali, na kile kinachofuata jibu, kabla mwalimu hajasema "vizuri sana" na kuufunga mjadala.

Katika somo la Biolojia, ambapo wanafunzi wangu hufikiri kwa Kiswahili na kutakiwa kujibu kwa Kiingereza, kimya hicho cha pili ndicho chenye manufaa zaidi. Niliuliza kwa nini sehemu ya jani iliyofunikwa karatasi nyeusi haikugeuka bluu-nyeusi tulipoidondoshea iodini, dawa inayoonyesha kama jani lina wanga. Binti mmoja wa dawati la nyuma alitamka maneno mawili ya Kiingereza, kwamba hapakuwa na mwanga. Sikusema kitu. Akaendelea mwenyewe, safari hii kwa Kiswahili, kwamba pasipo mwanga jani halitengenezi wanga, na jirani yake akamsaidia kuligeuza jibu kuwa la Kiingereza. Nakiri kwamba silabasi inapokukimbiza, sekunde tatu ni ndefu mno.

Hata hivyo, matokeo ya utafiti yasipokelewe kama waraka wa wizara. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walikuta kwamba vitabu vya kiada vilivyogawiwa shule za vijijini nchini Kenya havikuinua wastani wa alama. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali, na vitabu hivyo vilikuwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo usiridhike na wastani wa darasa lako. Mwombe mwenzako aketi nyuma na orodha ya majina, aweke alama kwa kila anayezungumza, kisha mkague pamoja ni nani hawakuguswa kabisa.