Usifunge mota ya kioo cha gari kwenye breki ya hewa

Usiifunge mota hiyo. Umeandika kwamba unajenga ndege ya viti viwili na unataka kuiwekea breki ya hewa chini ya tumbo, yaani ubao unaofunguka kwenye mkondo wa hewa ili kuongeza ukinzani, ukauliza ukubwa wa ubao, mahali pa kuuweka, na kama mota ya kupandishia kioo cha gari itatosha kuuendesha. Nilipoona katika mchoro wako kwamba bawaba zimewekwa kwenye ukingo wa nyuma wa ubao, sikuweza kunyamaza, kwa kuwa ndege tuliyojenga mimi na mwenzangu ilivunjika kwa mpangilio huohuo.

Aliyetuchorea alijiita mshauri wa ndege, alipokea fedha zake mapema, na hoja yake ilivutia: bawaba zikiwa nyuma, hewa itaingia chini ya ukingo wa mbele na kuufungua ubao yenyewe, kwa hiyo mota ndogo inatosha. Kufunguka, ulifunguka vizuri sana. Asichotuambia ni kwamba hewa hiyohiyo ndiyo itakayoukatalia ubao kufunga, na kwamba nguvu yake hukua kwa mraba wa kasi, kiasi kwamba ukitoka kasi ya noti 60 (maili 60 za baharini kwa saa) hadi noti 90 huzidi maradufu. Mtu anayeuza ushauri wa namna hiyo bila kuwahi kuketi ndani ya ndege inayoshuka anacheza na roho za watu, na bado nina hasira naye.

Siku hiyo tulikuwa tunashuka kwenye kiwanja cha nyasi karibu na Ziwa Victoria, mchana wa jua kali, breki ikiwa wazi, ng'ombe wakaingia njiani. Mwenzangu alisukuma mafuta yote na kubonyeza swichi ya kufunga. Mota ilinguruma kwa taabu, ikanyamaza, fyuzi ikawa imekatika, na harufu ya waya ulioungua ikajaa chumbani. Kumbuka kwamba huku kwetu hata usawa wa ziwa uko juu ya futi 3,700 kutoka baharini; joto likifika nyuzi 28, injini hupumua hewa nyepesi kama ya futi 6,000 na kupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Kwa nguvu iliyobaki, na ubao ule ukituvuta nyuma, ndege haikupanda. Tuliishia katika shamba la mihogo. Tulitoka wazima, lakini propela ilipiga matuta injini ikiwa inazunguka, na propela ikipiga hivyo injini hulazimika kufunguliwa yote ili mhimili wake ukaguliwe. Gharama ya injini, pamoja na vipuri vya kuagiza ng'ambo, ilizidi ya kila kitu kingine tulichokuwa tumetengeneza kwa mikono yetu.

Kwa hiyo weka bawaba kwenye ukingo wa mbele, ili hewa yenyewe isukume ubao kurudi tumboni, na uuendeshe kwa wenzo wa mkono unaoachia kwa tendo moja, bila umeme. Long-EZ, ndege ndogo ya kujijengea iliyobuniwa na Mmarekani Burt Rutan na kuruka mara ya kwanza mwaka 1979, haina flapu (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) na hutegemea ubao wa tumboni unaofunguliwa kwa mkono ili kushuka kwa mwinamo mkali zaidi. Usidhani pia kwamba breki hiyo itakuruhusu kutua polepole zaidi: flapu huongeza nguvu ya bawa kubeba, breki huongeza ukinzani tu, kwa hiyo kasi ambayo bawa huishiwa nguvu inabaki ileile.

Kabla hujapiga ribiti hata moja, fungua ubao, mwambie mtu ausukume kwa nguvu upande ambao hewa itausukuma, kisha uachie wenzo ukiwa umefunga mikanda kitini. Ubao usipojifunga mara moja, ng'oa bawaba uanze upya. Nitumie picha ya bawaba na ya wenzo kabla ya kuendelea.