Gogo la Mjakaranda: Lichongwe au Liachwe?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nafundisha sanaa mjini Nakuru. Mjakaranda uliokuwa kando ya barabara karibu na shule yetu umekatwa, nasi tukapewa gogo la mita mbili hivi. Wanafunzi wanataka kuchonga twiga, ilhali nasikia wasanii wa siku hizi huuacha mti ujieleze. Je, gogo lisilochongwa ni sanaa? Na tufanyeje lisipasuke?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Mwalimu, gogo lililolazwa tu uwanjani halijawa sanaa, hata likiwekewa kibao chenye jina, kwa maana msanii hajauuliza mti jambo lolote. Mtazame mchongaji Giuseppe Penone wa Italia: huchukua boriti iliyokwisha kupasuliwa kwa msumeno, akachagua duru moja ya ukuaji, yaani pete ya mwaka mmoja ndani ya mbao, akaifuata kwa patasi huku akivikwepa vifundo, hadi mti mchanga uliokuwa umefunikwa ndani utokeze pamoja na vikonyo vya matawi yake. Alichoondoa ni miaka. Nakuru haina majira ya baridi, kwa hiyo huenda duru za mjakaranda wenu zisiwe bayana kama za miti ya Ulaya. Basi fuateni vifundo, kwani kila kifundo ni tawi lililomezwa na shina, na mkichimba taratibu kukizunguka mtaliona lilivyoelekea. Mbao ya mjakaranda haina ugumu wa mpingo, na wachongaji wengi wa Kenya wameizoea, hivyo mikono ya wanafunzi itaimudu. Twiga nao si kosa, ingawa vibanda vya njiani vimeshajaa twiga.

Kuhusu nyufa, fahamuni kwamba mbao ikikauka hunywea zaidi kufuata mzunguko wa duru kuliko kuelekea kwenye kiini, ndiyo maana gogo zima lenye kiini chake ni nadra kunusurika. Pakeni ncha zote mbili nta au rangi nzito mapema iwezekanavyo, kisha liinueni juu ya mawe, kivulini, mbali na mchwa. Mafundi hukadiria mwaka mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene, muda ambao wanafunzi wenu hawana. Afadhali mlipasue katikati na kuondoa kiini, au mchonge likiwa bichi na kuukubali ufa utakapokuja. Hivyo ndivyo afanyavyo mchongaji David Nash huko Wales, ambaye huchonga mbao mbichi akijua kwamba itajikunja na kupasuka baada ya yeye kuweka zana chini. Mimi ningechagua njia hiyo ya pili, mradi kila ufa uandikiwe tarehe ulipoonekana.

Iwapo mtalipeleka kwenye maonyesho Kisumu, ulizeni kwanza katika ofisi ya KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya) iliyo karibu kuhusu kibali cha kusafirisha mazao ya misitu.