Magoti ya Mama, mafuta ya ufuta na unga usio na jina

Upepo wa Dodoma wa Juni na Julai wanaujua vizuri wenye magoti mabovu. Ni mkavu, unaanza alfajiri, na mtu aliyelala mzima anaamka akishika ukuta. Mama yangu ni mmoja wao. Amelima mtama na karanga kule Kongwa tangu ujana wake, akabeba ndoo za maji kichwani, na magoti ndiyo yaliyolipa. Namtunza kwa mimea ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, na kwa kuwa majirani hawaachi kuniuliza ninampa nini, naandika hapa.

Kabla ya mmea wowote, jua anaumwa nini. Goti lililosagika gegedu, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, kwa umri na kazi linauma likitumika, likipumzika linatulia. Jongo, ambalo wengi tunaliita gauti, linakuja ghafla, mara nyingi usiku, kwenye dole gumba la mguu; linatokana na asidi ya yuriki iliyozidi mwilini na lina vidonge vyake hospitali. Kuna na ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe: vidole vya mikono yote miwili vinavimba, asubuhi vinakakamaa kwa saa nzima au zaidi. Mgonjwa huyu ukimcheleweshea dawa za hospitali ukimnywesha manjano, vidole vyake vinaweza kupinda visirudi. Mama alipigwa picha ya eksirei, ikaonekana ni kusagika. Ninayoyasema hapa chini ni ya ugonjwa huo tu.

Kilichomsaidia kuliko vyote ni kuchuliwa kwa mafuta. Waganga wa Ayurveda wanasema upepo wa mwilini, wanaouita vata, ukizidi unaleta ukavu, baridi na maumivu kwenye maungio, na dawa yake ni joto na mafuta. Mtu wa Dodoma katikati ya Julai hahitaji kuelezwa sana. Wao wanapenda mafuta ya ufuta, na sisi ufuta tunaulima, huku na Singida. Nachukua yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani, nayatia kwenye bakuli, bakuli naliweka ndani ya maji ya moto. Sipashi motoni moja kwa moja, maana mafuta yanaunguza ngozi kabla hujajua yamefika wapi. Naanzia juu, kwenye misuli ya paja, nashuka taratibu kwa kiganja, nalizunguka goti bila kulikandamiza kifuniko chake, kisha namfunika kwa taulo lililochovywa maji moto na kukamuliwa. Robo saa inatosha. Goti lililovimba, jekundu na lenye moto halichuliwi. Hilo linapelekwa kwa daktari.

Usiku wa baridi kali nabadilisha, naweka kitambaa chenye mafuta ya nyonyo. Ni mazito, yanakaa. Ila nunua yaliyokamuliwa tayari, na mbegu za mbarika, ambazo ndizo zinazokamuliwa mafuta hayo, ziweke mbali na watoto, kwa sababu zina sumu inayoua.

Sasa manjano, ambayo kila mtu anaanza nayo. Ndani ya unga wa manjano, kile kinachopunguza uvimbe, kurkumini, ni kama asilimia 3 tu, na mwili unakipokea kwa shida. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za kiini cha pilipili manga, na kiasi kilichoingia kwenye damu kikapanda mara 20. Ndiyo maana natwanga punje chache za pilipili manga, natia na manjano nusu kijiko cha chai, nachemsha kwenye maziwa yenye mafuta yake. Lakini niseme wazi: kikombe hicho ni chakula chema, hakifikii vidonge vinavyotumika kwenye utafiti. Tangawizi ya kwenye chai ni vivyo hivyo. Manjano nanunua mizizi mikavu pale soko la Majengo, natwanga mwenyewe. Unga uliosagwa unaweza kuongezewa rangi. Bangladesh iligundulika wafanyabiashara walitia rangi yenye madini ya risasi ili ung'ae. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu isigande, au mwenye mawe kwenye nyongo, aulize daktari kwanza. Na ukiona macho yamekuwa ya njano, acha siku hiyo hiyo uende ukapimwe ini.

Ubani wa Kihindi, shallaki, ndio mmea wenye ushahidi unaonipa moyo. Ni utomvu wa mti wa Boswellia serrata, na katika majaribio kadhaa wagonjwa wa magoti waliotumia dondoo lake walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Nafuu yenyewe ni ya wastani na inachukua wiki kadhaa. Ubani wa chetezo usiuchukue ukautafuna. Miti ya ubani ni mingi, na wa kufukiza haukuandaliwa kwa kuliwa.

Mama pia anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu mmoja, anaushikilia hewani akihesabu, anabadilisha. Misuli ya paja ikipata nguvu goti linapumua. Uzito nao una hesabu yake: kila kilo unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Kinachonitia hofu ni ule unga usio na jina, unaouzwa kwenye mabasi na minadani, ambao bibi akiulamba leo kesho anatembea kama msichana. Mimea haifanyi kazi hivyo. Kumekutwa dawa za viungo zinazoitwa za asili zilizochanganywa kwa siri na deksamethasoni, dawa kali ya hospitali ya kupunguza uvimbe, na hiyo ikitumika muda mrefu inavimbisha uso, inapandisha sukari na kulegeza mifupa ile ile unayotaka kuiponya. Hata dawa za Ayurveda zenye pakiti nzuri si zote salama, maana baadhi hutiwa zebaki na risasi kwa makusudi kufuata mapishi ya kale. Boston mwaka 2004, kati ya dawa 70 zilizonunuliwa madukani, 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Hapa kwetu lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002; muulize muuzaji namba ya usajili. Akianza kuzungukazunguka, rudisha pesa yako mfukoni.

Na kama nyumbani kwako kuna mzee aliyekwisha kuuzoea unga wa namna hiyo kwa miezi, usimnyang'anye ghafla. Mwili uliozoeshwa deksamethasoni ukikatiwa mara moja unaweza kuanguka. Mpeleke hospitali na kopo lake mkononi, daktari ampunguzie kidogo kidogo.