Kabla Hujalipia Safaya, Itumbukize Kwenye Mafuta

Msomaji wa Mbeya ameniandikia: kanunua safaya ya bluu kali, sonara akamwambia rangi "imepandikizwa". Atajuaje mwenyewe?

Ndugu yangu, safaya safi kabisa haina rangi. Bluu huja pale chuma na metali iitwayo titani vinapokaa jirani ndani ya fuwele: elektroni huruka kutoka kwenye chuma kwenda kwenye titani, inameza mwanga mwekundu na wa njano, bluu inapita. Ili kupandikiza rangi hiyo, mchomaji hufukia safaya iliyopauka kwenye unga wenye titani, kisha huipika kwa zaidi ya nyuzi joto 1,700 kwa siku kadhaa. Lakini titani husafiri polepole mno. Mara nyingi haifiki hata nusu milimita. Hapo ndipo inapokamatika.

Osha jiwe kwa sabuni, lifute vizuri. Liweke kwenye bilauri isiyo na rangi, mimina mafuta ya alizeti mpaka lizame. Chini ya bilauri weka karatasi nyeupe, na chini ya karatasi tochi ya simu. Usiache kuweka karatasi: mwanga mtupu hurudi kwenye nyuso za jiwe na kukudanganya. Safaya hupinda mwanga kwa kipimo cha 1.76, mafuta 1.47, maji 1.33 tu, ndiyo maana kwenye mafuta mng'ao wa nje hufifia zaidi na rangi ya ndani hujitokeza.

Sasa tulia, tazama. Rangi iliyokolea kwenye kingo za mkato na kiunoni mwa jiwe, ikichora kama wavu huku katikati pamepauka, imepandikizwa. Rangi ya asili haijui mkataji alipita wapi: mistari yake imenyooka, ikikunja hukunja kwa pembe ya nyuzi 120. Usikubali kulisugua upya jiwe lenye wavu, utabaki na mabaka.

Safaya za rangi ya machungwa na manjano ni habari nyingine. Safaya za Songea, mawe yetu wenyewe, zilichomwa kwa berili, metali nyepesi, huko Chanthaburi, Thailand, na soko likashtuka mwaka 2002. Atomi ya berili ni ndogo, inaweza kupenya jiwe zima, na mafuta yasikuonyeshe kitu. Hata mashine ya kawaida ya eksirei haiioni. Inahitajika maabara inayochoma nukta ya jiwe kwa leza na kupima sehemu chache kwa milioni.

Kuuza jiwe la namna hiyo si kosa. Kumficha mnunuzi ni dhuluma, na broka anayejua akanyamaza ameshiriki. Kwa hiyo safaya ya machungwa yaliyokolea isiyo na cheti cha maabara, lipa bei ya jiwe lililopandikizwa, au mrudishie mwenyewe.