Mji wa Kale Mombasa, mwongozaji ama mtembee wenyewe?

Dada umeuliza kama watu wanne mnaokuja Mombasa siku moja mna haja ya mwongozaji. Mi nasema chukueni, ila awe wenu peke yenu, msijiunge na yale makundi ya basi maana kwenye vichochoro vya Mji wa Kale watu ishirini wa nyuma hawasikii kitu. Anzeni na ngome ya Fort Jesus asubuhi kabla jua halijawaka, hapo ndo pesa ya mwongozaji inarudi, Wareno waliijenga 1593 mpaka 1596 halafu Waomani wakaizingira karibu miaka mitatu wakaiteka 1698, bila mtu wa kuwahadithia mtaona kuta na mizinga tu. Kisha mfuate barabara ya Ndia Kuu, muangalie milango ya nakshi na msikiti wa Mandhry, mteremke hadi bandari ya kale (watu msiwapige picha bila kuomba, na vaeni nguo za heshima jamani). Bei mkubaliane KABLA hamjaanza kutembea, kitambulisho cha mwongozaji pia muombe. Zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue ni za selfi dakika tano na tuktuk inawasubiri. Feri ya Likoni nendeni wenyewe, kwa miguu ni bure.