Ukitaka kumtetea samoni, ijue njia yake yote

Mtu akisikia habari za kulinda bahari, mawazo yake hukimbilia meli za mafuta na fukwe zilizochafuka. Kwa samoni hilo halitoshi. Kazi niliyofanya kwenye viwanda vya kuchakata samaki huko Naknek, Bristol Bay, jimbo la Alaska, imenifundisha kwamba anayetaka kumlinda samaki huyu sharti aijue njia yake tangu kijitoni hadi bahari kuu, kisha awe tayari kuieleza mbele ya wanaotoa vibali.

Samoni mwekundu huanguliwa kwenye maji baridi ya vijito na maziwa. Hukaa ziwani mwaka mmoja au miwili, akateremka mto hadi baharini, akakulia huko miaka miwili au mitatu, halafu akarudi kutaga alikozaliwa huku akiongozwa na harufu ya maji yenyewe. Bristol Bay hutoa karibu nusu ya samoni wekundu wa porini wote duniani. Mwaka 2022 walirudi takriban milioni 79. Na uvuvi haufanywi holela: juu ya mito imejengwa minara ambako watumishi wa idara ya samaki ya jimbo husimama na kuhesabu wanaopanda, dakika 10 katika kila saa, usiku na mchana. Waliopita wakiwa wachache, wavuvi huambiwa wasitie nyavu.

Mimi nilikuwa upande wa mayai. Samaki anafika mezani angali anang'aa kama fedha, tumbo linapasuliwa, mayai yanatoka yakiwa pacha, yameshikana ndani ya ngozi laini. Unayabonyeza kwa kidole gumba kujua ugumu wake, unayapanga kwa rangi. Shehena ikinuka dizeli hata kidogo, msimamizi anaikataa. Pale ndipo nilipoelewa maana ya mafuta kuingia kwenye maji ya samaki, kabla sijasoma lolote.

Kusoma nikasoma baadaye. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba wa Bligh huko Prince William Sound, mbali na Bristol Bay lakini jimbo hilo hilo, ikamwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi. Mayai ya samoni wa pinki yalikufa kwenye vijito vilivyopakwa mafuta. Heringi wa pale waliporomoka miaka michache baadaye, na ingawa wanasayansi wanabishana kuhusu sababu, uvuvi wao haujarudi kuwa kama zamani. Mwaka mmoja kabla ya ajali ile, serikali kuu ilikuwa imeuza vitalu vya mafuta na gesi kwenye bahari ya Bristol Bay yenyewe. Wavuvi na wenyeji wakapiga kelele miaka na miaka, vitalu vikanunuliwa tena na serikali mwaka 1995, na Desemba 2014 Rais Obama akayafunga maji yale kwa mafuta na gesi bila kuweka tarehe ya mwisho.

Wakati wanailinda bahari, hatari nyingine ilikuwa inashuka kutoka milimani. Mgodi wa Pebble, wa shaba, dhahabu na molibdenamu, ulipangwa kuchimbwa kwenye chanzo cha mito Nushagak na Kvichak, karibu na Ziwa Iliamna. Shaba ni adui wa pua ya samoni: sehemu chache tu katika bilioni moja ya maji hupunguza uwezo wake wa kunusa, na asiyenusa hajui arudi wapi. Halafu kuna bwawa la tope sumu linalobaki madini yakishatolewa, ambalo lazima litunzwe hata mgodi ukishafungwa. Wenye shaka watazame British Columbia, ambako tarehe 4 Agosti 2014 ukuta wa bwawa la mgodi wa Mount Polley ulibomoka, maji na tope, takriban mita za ujazo milioni 25, vikaelekea Ziwa Quesnel, ziwa la samoni.

Sasa ushauri. Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, ambacho ndicho kilichokuwa kikiamua kibali, kilipokusanya maoni kuhusu Pebble mwaka 2019, nilikwenda. Waliosema "tunapenda mazingira" walisikilizwa kwa adabu, basi. Aliyenyamazisha ukumbi alikuwa mzee mmoja wa Kiyup'ik, wenyeji wa asili wa Alaska. Alitaja kijito kwa jina, akataja wakati barafu inapoondoka, akaonyesha barabara ya mgodi itakapokikata na samaki wanaotaga hapo. Fanya kama yeye. Taja mahali, majira, na kile ulichokishika kwa mkono wako. Mimi nilieleza juu ya mayai na shehena zinazokataliwa, kwa Kiingereza changu cha kiwandani, na kikatosha.

Usikubali pia kujadili ukurasa wa kwanza tu. Kampuni iliomba kuchimba miaka 20, lakini tathmini yenyewe ya athari kwa mazingira ilizungumzia uwezekano wa kupanua hadi miaka 78. Septemba 2020 zikatoka rekodi zilizochukuliwa kwa siri za wakubwa wa mradi wakizungumzia upanuzi huo, na mkurugenzi mkuu akajiuzulu. Kwa hiyo uliza: baada ya awamu hii kuna nini? Bomba la gesi litapita wapi? Nani atalitunza bwawa wajukuu wetu wakiwa wazee?

Novemba 2020 kibali kilikataliwa. Januari 2023 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani likatumia Sheria ya Maji Safi kupiga marufuku kutupa taka za mgodi ule kwenye vijito vya Koktuli, vinavyolisha mto Nushagak. Makabila sita yalikuwa yameliomba shirika hilo lichukue hatua tangu 2010! Na kampuni pamoja na jimbo wakaenda mahakamani kuipinga marufuku hiyo.

Nawaambia hivi na ndugu zangu wa Tanga, ambako bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linaishia Chongoleani, na wa Lamu, ambao tayari wanajua: Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira la Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tathmini ikitangazwa, iombeni nakala kamili, muitafute ramani kwanza.

Na maoni yako yaandike, hata kama umeshayasema kwa mdomo. Weka nakala yenye tarehe na ushahidi wa kupokelewa. Kesi ikifika mahakamani, mawakili hutafuta kwanza hoja zilizokwishaingia kwenye kumbukumbu rasmi. Marekani, hoja ambayo hakuna aliyeitoa wakati wa maoni mara nyingi haipokelewi tena.