Usirekodi kila mstari

Ndugu, unauliza kama gemu lenu la maneno 60,000 liwe na sauti mwanzo mwisho, nanyi mko watatu tu hapo Sinza. Hapana.

Piga hesabu. Mtu husoma kama maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo hayo ni karibu saa saba za sauti safi. Ukiweka marudio na uhariri, zidisha mara nne au tano. Tena kila mstari uliorekodiwa umegandishwa: ukibadili jina la kijiji, unamwita mwigizaji upya. Gemu la Morrowind la 2002 lilikuwa maandishi kwa sehemu kubwa. Lililofuata, Oblivion la 2006, likaweka sauti kila mahali, na wachezaji wakazoea. Lakini hata gemu la Disco Elysium lilitoka 2019 na sauti kiasi tu, nyingine zikaja 2021.

Rekodini salamu, vilio vya vita na sentensi ya kwanza ya mazungumzo makubwa. Mistari ya kupiga kelele iwe mwisho wa kipindi cha kurekodi, inaua koo.

Chumba ndicho kitawasumbua. Zimeni feni na friji, ning'inizeni magodoro na blanketi nyuma ya msomaji, mrekodi baada ya saa sita usiku bodaboda zikipungua. Maiki iwe sentimita 15 hivi, pembeni kidogo ya mdomo, la sivyo "p" zitalipuka. Tumieni WAV (faili la sauti isiyobanwa), kilele cha sauti kisizidi desibeli -6 kwenye kipimo cha programu, na rekodini sekunde 30 za ukimya wa chumba kwa kuzibia mapengo. Faili ipewe namba ya mstari, siyo "juma_mpya_mwisho2".